Mazungumzo ya Jamaa: Waya wa Ndugu Wawili

Swali moja la wazazi hutujia mara nyingi kuliko mengine: Tumfanyeje mtoto ashindaye kutwa amekiinamia chombo cha michezo, asisikie akiitwa, asijue kama mvua imenyesha wala kama wageni wameingia? Wako wanaotaka tuseme kwamba vyombo hivyo ni vibaya, basi. Wako na wengine wanaotaka tuseme kwamba ni dalili ya maendeleo, basi. Leo hatutasema hili wala lile kabla ya kuwasimulia habari moja tuliyoiona kwa macho yetu.

Wakati wa likizo kubwa tulialikwa nyumbani kwa rafiki yetu mmoja, mwalimu, mwenye wana wawili: mkubwa wa miaka 14, na mdogo wa miaka 11. Mjomba wao alipokuja kutoka Ubelgiji alikuwa amewaletea Game Boy mbili kuukuu, alizozinunua sokoni kwa bei ndogo, pamoja na kaseti mbili za mchezo uitwao Pokémon, moja nyekundu na moja ya buluu. Juu ya hayo aliwaletea waya mmoja mfupi wa kuunganisha chombo kimoja na kingine.

Tulipoingia tulikuta nyumba imenuna. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, kwa sababu betri yake ilikuwa imehamia ndani ya Game Boy. Mdogo alikuwa na macho mekundu kwa kulia. Mkubwa alikaa pembeni, kimya, kama mtu mwenye haki ambaye hata hivyo hana raha.

Mama akatuambia: "Baba, karibu. Lakini ukikaa hapa jioni moja zaidi, utaniona nikivitupa vitu hivi chooni."

Kumbe ugomvi ulikuwa huu. Mdogo alikuwa na kiumbe cha mchezo kiitwacho Kadabra. Kiumbe hicho hakigeuki kuwa na nguvu zake kamili ila kipitishwe katika waya na kuingia katika chombo cha mtu mwingine. Mkubwa aliahidi kukipokea, kukiacha kigeuke, na kukirudisha papo hapo. Alikipokea, kikageuka, hakukirudisha. Mdogo akaenda kwa baba, baba akasema: "Ni picha tu." Akaenda kwa mama, mama akasema: "Vyote vitatupwa." Hakuna aliyesikiliza shauri lenyewe.

Rafiki yetu akatuomba: "Amua wewe, ndugu yangu." Tukajibu kwamba hatuwezi kuamua shauri la shamba tusilolikanyaga. Tukaomba jioni tatu za kucheza.

Jioni ya kwanza

Mdogo alitupa chombo chake, lakini kwa sharti: "Baba, anza mchezo mpya, ila usihifadhi! Kaseti ina nafasi ya safari moja tu. Ukihifadhi ya kwako, ya kwangu yote inafutika." Tukaahidi, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuvunjiwa ahadi moja, alikaa karibu yetu jioni nzima akiangalia vidole vyetu.

Mchezo wa namna hii ni mchezo wa kuvaa nafsi ya mtu mwingine. Asili yake ni mezani, kwa karatasi, penseli na dadu: huko Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wao Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji hujitwalia mtu wa kubuni, na kusafiri naye, na kukua naye. Wajapani wakaupenda ufundi huo na kuuingiza katika mitambo. Mwaka 1986 ulitokea Dragon Quest wa Yuji Horii, uliochezwa kwa televisheni. Pokémon ni mtoto wa ukoo huo, lakini yeye hukaa mfukoni.

Basi tukajipa jina, tukaamka katika chumba kidogo cha mji uitwao Bourg Palette. Chini yuko mama. Ukitaka kutoka mjini kwa kupita katika majani marefu, mzee mmoja, Profesa Chen, anakuzuia: hatari, usiende bila kiumbe cha kukulinda. Anakuwekea vitatu uchague kimoja tu: Bulbizarre wa majani, Salamèche wa moto, Carapuce wa maji. Maji hushinda moto, moto hushinda majani, majani hushinda maji. Na mjukuu wa mzee, mshindani wako, huchagua baada yako kile kinachokishinda cha kwako.

Tulishangazwa na jambo moja. Kazi ya kwanza ya maana katika safari hii si vita, ni kutumwa. Ukifika mji wa Jadielle, mwenye duka anakupa mzigo umpelekee Profesa Chen, nawe unarudi njia nzima mpaka kwa mzee. Mama, aliyekuwa akichambua mchele karibu nasi, akasema: "Kumbe huko wanatumwa na wanakwenda!" Watoto wote wawili wakacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Tena viumbe vyako vyote vikizimia, hufi. Unapoteza nusu ya fedha zako na kurudishwa mahali pa mwisho ulipotibiwa, ukaanze upya njia ile ile. Sisi tulipoteza nusu ya fedha zetu mara mbili kabla ya chakula cha usiku. Kisha tukazima chombo bila kuhifadhi, kama tulivyoahidi, na safari yetu yote ikapotea. Mdogo akawasha upesi akatazama: ya kwake ilikuwako. Akapumua.

Jioni ya pili

Jioni ya pili mkubwa alituonyesha safari yake. Alikuwa na wingi wa viumbe, na kwa fahari alituonyesha Alakazam, yaani Kadabra aliyegeuka. Tukamwuliza: "Mbona anaitwa RAFIKI?" Akanyamaza. Mdogo ndiye aliyekuwa amempa jina hilo siku alipomkamata, naye alipata shida kumkamata: kiumbe hicho, kingali kidogo na kuitwa Abra, ukikikuta porini hutoweka mara moja, na mdogo alikikosa jioni nyingi kabla ya kukipata.

"Umejaribu kumbadilishia jina?"

"Ndiyo, Baba."

"Ikawaje?"

Akatueleza. Katika mji wa Lavanville yuko mzee ambaye kazi yake ni kubadili majina ya viumbe. Ukimletea kiumbe ulichokikamata wewe, atakibadilishia jina upendavyo. Lakini ukimletea kilichotoka kwa mwingine, anakataa. Na ukifungua ukurasa wa kiumbe hicho unaona limeandikwa hapo jina la mwenyewe wa kwanza pamoja na namba yake, wala halifutiki. Tukaufungua. Jina la mdogo lilikuwapo.

Wasomaji wapendwa, hapo tuliona kwamba aliyetunga mchezo huu hakuwa mtu wa mzaha, tukataka kumjua.

Jina lake ni Satoshi Tajiri. Tajiri ni jina la ukoo wa Kijapani, halina uhusiano na utajiri wa Kiswahili. Alizaliwa mwaka 1965, akakulia Machida, pembeni ya mji mkuu Tokyo, mahali palipokuwa bado na mashamba na vidimbwi. Akiwa mtoto alipenda kukamata wadudu, kama watoto wetu wanaokimbilia senene. Lakini mji ulipanuka, vidimbwi vikafukiwa, nyumba na barabara zikajengwa, wadudu wakatoweka. Watoto waliomfuata walikulia ndani ya nyumba.

Mwaka 1983, akiwa kijana, alianza kuandika gazeti dogo la michezo liitwalo Game Freak. Ken Sugimori akajiunga naye akilichorea picha. Mwaka 1989 gazeti likawa kampuni. Mwaka huo huo Nintendo ya Kyoto ilitoa Game Boy, kazi ya fundi wake Gunpei Yokoi na wenzake. Yokoi alikuwa na desturi ya kuchagua vipande vya zamani, vya bei ndogo, ambavyo mafundi walikwisha kuvizoea: kioo kisicho na taa, rangi nne tu za ukijani, betri nne ndogo. Ndiyo maana chombo kilikuwa na bei nafuu, hakikula betri sana, na hata leo vingi bado vinafanya kazi.

Game Boy ilikuwa na waya wa kuunganisha wachezaji wawili, hasa wapate kushindana. Tajiri alipoutazama waya ule aliona jambo jingine: aliwaza mdudu anatambaa ndani yake, anatoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Kutoka katika wazo hilo mpaka mchezo kutolewa Japani, tarehe 27 Februari 1996, ilipita karibu miaka sita. Kaseti za Kifaransa zikafika Ulaya mwaka 1999.

Na tazameni jinsi alivyoutunga. Kaseti zilitolewa za namna mbili kwa makusudi. Abo, mfano wa nyoka, hupatikana katika ile nyekundu wala haonekani katika ya buluu. Sabelette hupatikana katika ya buluu wala haonekani katika nyekundu. Katika vile vitatu vya mwanzo unapewa kimoja tu. Na viko vinne, pamoja na Kadabra, ambavyo havifikii ukamilifu wao ila vitoke mikononi mwako. Zaidi ya hayo, kiumbe ulichopewa na mwenzako hukomaa upesi kuliko ulichokikamata mwenyewe. Lakini kikiwa na nguvu kupita cheo chako katika mchezo, hakikutii. Orodha ni ya viumbe 150, tena yuko wa 151, aliyefichwa. Hata ukae macho usiku na mchana, peke yako huwezi kuimaliza. Si kwamba ni vigumu, haiwezekani.

Jioni ya tatu

Jioni ya tatu tulicheza safari ya mdogo. Ilikuwa ya polepole na safi. Alikuwa na daftari ya shule ambamo aliandika kila neno la Kifaransa alilolikuta asilijue, na mbele yake maana aliyoelezwa na baba. Kurasa tisa zilikuwa zimejaa. Baba yake hakujua habari ya daftari ile mpaka tulipomwonyesha. Aliyajua maswali, lakini alidhani yanatoka shuleni.

Kabla ya kulala tulimwuliza mkubwa neno moja tu: "Yule Machopeur wako atageuka lini?" Maana tulikuwa tumeona jana yake kwamba naye anacho kimoja katika vile vinne, Machopeur, anayegeuka kuwa Mackogneur akipitishwa katika waya. Kijana akainamisha kichwa. Mwenye chombo cha pili katika mtaa wote ule alikuwa mmoja tu, na alikuwa amelala chumba kimoja naye.

Kesho yake baada ya chai tulimsikia: "Ndugu yangu, tuunganishe."

Mdogo akajibu: "Uliniahidi mara ya kwanza."

Neno hilo, wapendwa, ndilo gumu katika shauri zima. Mali iliyochukuliwa yaweza kurudishwa kwa dakika moja. Lakini ahadi iliyovunjwa hairudishwi kwa kuahidi tena. Mkubwa alilifahamu hilo. Akasema: "Basi RAFIKI arudi kwanza. Wewe nipe chochote." Kwa kuwa katika waya ule hakuna kupokea bila kutoa, mdogo akampa Magicarpe, samaki anayerukaruka tu bila kumdhuru mtu, dhaifu kuliko karibu vyote. Waya ukaunganishwa. Tukaona kwenye vioo RAFIKI akirudi kwake.

Ndipo Machopeur akapelekwa. Upande wa mdogo akageuka kuwa Mackogneur, mwenye mikono minne. Sasa alikuwa mikononi mwa mdogo, naye mkubwa alikuwa amebaki na Magicarpe wake na kitu kingine kisicho na thamani. Mdogo akatazama kioo kwa muda mrefu, akaung'oa waya, akasema: "Nitamrudisha kesho."

Baba alitaka kuingilia. Mama, ambaye siku tatu zilizopita alitaka kutupa vyote chooni, akamshika mkono akamwambia polepole: "Waache."

Usiku ule mkubwa hakulala vizuri. Asubuhi, kabla ya kunawa uso, mdogo alichukua waya mwenyewe akamrudisha Mackogneur. Tulipomwuliza kwa nini hakufanya hivyo jana, alijibu: "Nilitaka Kaka aujue usiku mmoja tu. Mimi nilikuwa nao kumi na mbili."

Hatusifu kulipiza. Lakini hatukupata neno la kumkemea, na mkubwa mwenyewe hakulalamika. Akamwambia tu mdogo wake: "Pole." Kisha wote wawili wakatafuta fedha ya betri ya saa ya ukutani.

Tunalotaka kuwaambia wazazi

Sasa twarudi kwenye swali. Chombo hiki ni kizuri au ni kibaya? Twajibu kwamba tuulize kwanza: ni nani yuko upande wa pili wa waya?

Mchezo uliotungwa ili watoto wakutane waweza kuchezwa na mtoto aliyejifungia peke yake. Hapo anaushika nusu tu. Siku hizi waya wenyewe umekwisha. Vyombo vipya hubadilishana viumbe hewani bila waya, hata na watu wa nchi za mbali wasiofahamiana. Ni ufundi mkubwa. Lakini asiyekujua hawezi kukuambia "Uliniahidi", wala hutalala naye chumba kimoja usiku ule uliomdhulumu. Kwa hiyo kazi ambayo zamani waya mfupi uliifanya wenyewe, kuwakalisha watoto wawili pamoja hatua moja, leo ni kazi yetu wazazi.

Tena tusidanganyane kwamba hakuna hatari. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyokubaliwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limeandika ugonjwa wa kutawaliwa na michezo ya namna hii. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi tena kujizuia; mchezo unatangulia mbele ya shughuli na furaha zake nyingine zote; naye anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida mambo hayo huonekana kwa muda wa miezi 12 kabla ya kuitwa ugonjwa. Basi mtoto anayecheza sana wiki mbili za likizo si mgonjwa. Lakini yule aliyeacha mpira, akaacha rafiki, akaacha chakula na masomo, tena mwezi baada ya mwezi, asipigiwe kelele tu. Apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Kwa wengine twatoa mashauri machache tuliyoyapata katika jioni zetu tatu. Chombo kichezwe sebuleni, wala si kitandani. Saa ya kuacha ijulikane kabla ya kuanza. Lakini unaposema "Zima!", jua kwamba katikati ya pambano mchezo haukubali kuhifadhiwa, na mtoto akizima hapo anapoteza kazi yote aliyoifanya tangu alipohifadhi mara ya mwisho. Mwambie: "Maliza pambano hilo, hifadhi, kisha njoo." Ni dakika chache, na mtoto ataona kwamba unaijua kazi yake, asipokuja baada ya hapo, hana udhuru. Watoto waliokabidhiana vitu kwa ahadi, washike ahadi hiyo kama vile vitu vingekuwa mbuzi au baiskeli. Mtoto hajifunzi uaminifu katika mambo makubwa kwanza, maana bado hana mambo makubwa.

La mwisho ni hili: mzazi acheze walau jioni moja. Usiogope kuchekwa. Yule mwalimu rafiki yetu, aliyesema "Ni picha tu," alikuwa na mtoto wa miaka 11 mwenye kurasa tisa za maneno ya Kifaransa, naye hakuzijua.

Nanyi vijana mnaotusoma, kumbukeni jambo moja juu ya kaseti hizo za zamani. Safari yako yote, viumbe vyako vyote, vinashikwa na betri moja ndogo ya mviringo, mfano wa kifungo cha shati, iliyofichwa ndani. Siku betri hiyo inapokufa, vyote vinafutika, navyo havina njia ya kurudi. Wale ndugu wawili wanalijua hilo. Mjomba wao aliwaambia kwamba muuzaji alizitia betri mpya, na kwamba nazo zitakwisha siku moja. Siku hiyo RAFIKI hatakuwako tena. Lakini yule aliyelala upande wa pili wa chumba atakuwako, naye atakumbuka kama ulirudisha au hukurudisha.

Tuliagana nao siku ya tano asubuhi. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Na mama, alipotusindikiza mpaka njiani, alituuliza kwa sauti ya chini kama Profesa Chen huwapa watu wazima pia kiumbe cha kuanzia. Tukamwambia: "Mama, waulize wanao." Akarudi nyumbani kuwauliza.